Akili unde imenipa mikono, lakini nani atanisikiliza kabla kipindi hakijatoka?

Mwanzilishi wa uzi

Wadau, hamjambo. Naomba tujadili jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, nami naomba uvumilivu wenu kwa sababu maelezo yake ni marefu.

Mimi hutengeneza podikasti ya historia ya mitaa ya Nairobi. Tulianza tukiwa wanne. Mmoja alinasa na kusafisha sauti, wa pili alinukuu mahojiano neno kwa neno, wa tatu alichora picha za jalada na kutia manukuu kwenye video fupi, nami nilihoji, nikaandika na kusoma. Ufadhili ulipokatika, wenzangu walienda kutafuta riziki kwingine, na sina neno nao, kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji. Tangu wakati huo nimezifanya kazi zote nne peke yangu chumbani mwangu hapa Umoja, na naomba ieleweke mapema kwamba bila zana za akili unde podikasti hiyo ingekuwa imekufa. Atakayedhani nimekuja kuzilaani atakuwa hajanielewa.

Niwape mfano wa kazi moja. Nilimhoji mzee mmoja katika soko la Kariokor, hapa Nairobi. Tuliketi nyuma ya vibanda vya mafundi wa viatu vya ngozi, hatua chache kutoka kwa wachoma nyama, na kila mzee alipofungua kinywa, nyundo tatu zilianza kugonga kwa pamoja. Zamani mwenzetu wa sauti angechukua siku mbili kuipunguza kelele ile kwa mkono, kipande kwa kipande. Safari hii programu inayotenganisha sauti ya mtu na sauti nyingine iliifanya kazi hiyo kwa muda ambao maji ya chai huchukua kuchemka.

Nilipoipandisha nguvu programu hiyo hadi mwisho, hata hivyo, nilisikia kasoro. Mzee amepoteza meno ya mbele, na herufi zake za "s" na "sh" hutoka na upepo mwingi. Programu iliuhesabu upepo ule kuwa kelele, ikaufuta, hata "siku" ikasikika "iku" na "shauri" likasikika "auri". Tena, nyundo zilipotoweka kabisa, alisikika kama mtu anayezungumza ndani ya sanduku, wala si mtu aliyeketi sokoni. Niliishusha kidogo kidogo mpaka nyundo zikarudi kwa mbali na maneno yake yakawa mazima. Kuamua niishie wapi kulinichukua jioni nzima, na hakuna zana iliyonisaidia katika hilo, kwa sababu zana haikujua ni kelele zipi nilizozihitaji.

Lililoniumiza lilitokea baadaye. Niliipa programu nyingine mahojiano yale, ya dakika 70, iyanukuu, ikamaliza upesi. Kisha nikaitaka zana ya tatu iandike muhtasari wa kipindi kutoka kwenye maandishi hayo. Niliusoma muhtasari mara moja, saa sita za usiku, nikaona Kiswahili chake ni safi, nikauweka pamoja na kipindi. Kwa siku tisa, kila aliyekifungua kipindi kile alisoma kwamba mzee alikulia karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

Kila mahali mzee aliposema "Kariokor", programu ya unukuzi ilikuwa imeandika "Kariakoo", na ile ya muhtasari ikaongeza jiji kwa hiari yake. Anayeijua historia ataona kwamba kosa hilo si la ovyo. Majina hayo mawili ni ndugu, kwani yote yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikikusanya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili wabebe chakula na risasi za majeshi yao katika Afrika Mashariki. Wapagazi walikufa kwa maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Mpagazi ni mmoja wa wale watu watatu wa shaba wanaosimama Kenyatta Avenue, juu ya maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Babu yake mzee niliyemhoji alikuwa mpagazi. Kwa hivyo, jina ambalo mashine ililibadilisha ndilo lililobeba kipindi kizima.

Mama mmoja wa Ziwani aliniandikia: "Mwanangu, baba yangu aliuza vyondo (vikapu vya kusuka) Kariokor mpaka akafa. Mbona mmetuhamisha?" Nilisahihisha usiku uleule, nikamwomba radhi yeye, kisha nikaenda kumwomba radhi mzee ana kwa ana.

Kosa ni langu, silisukumi kwa mashine. Lakini lilinifanya nihesabu upya. Tulipoachana na wenzangu, nilihesabu mikono niliyopoteza, nikatafuta zana ya kuziba nafasi ya kila mkono. Sikuhesabu masikio. Mwenzetu aliyekuwa akinukuu ni mzaliwa wa Pumwani, na "Kariakoo" isingempita hata akiwa na usingizi. Mchoraji wetu alizoea kuuliza maswali yaliyonikera, kwa mfano kwa nini mtu fulani anatajwa kabla hajaelezwa ni nani. Hakuna aliyewalipa kwa maswali hayo, wala hakuna aliyeyaandika katika orodha ya majukumu yao. Yalikuja pamoja nao, na walipoondoka, waliondoka nayo.

Iko sababu ya kiufundi ya makosa ya aina hii. Kampuni ya OpenAI ilipoitoa programu ya unukuzi ya Whisper mnamo Septemba 2022, ilieleza kwamba ilikuwa imeifunza kwa saa 680,000 za sauti. Katika hesabu hiyo, sauti ya Kiswahili yenye maandishi yake haikufika saa 6. (Naitaja kwa kuwa takwimu zake ziko wazi, wala si kwamba ndiyo iliyoniangusha siku ile.) Hali inaendelea kuwa nzuri, na watu wa kushukuriwa ni wengi: wanaojitolea kusoma na kuhakiki sentensi za Kiswahili katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, na watafiti wa Masakhane wanaoshughulikia lugha za Afrika. Hata hivyo, mashine iliyosikiliza Kiswahili kingi kiasi gani haitajua kwamba mzee huyu yuko jirani na Ngara ya Nairobi na si Ilala ya Dar es Salaam, mpaka aambiwe na anayejua.

Nimejaribu pia sauti bandia isome maelezo ya kuunganisha mahojiano, siku ambazo koo langu liligoma. Niliandika kwamba fundi fulani "aliifanya kazi yake barabara". Sauti ile ilitia mkazo pale unapotiwa katika neno la njia ya magari, na sentensi nzima ikavurugika. Mswahili husema barábara akiwa na maana ya sawasawa, na barabára akiwa na maana ya njia, lakini maandishi ya maneno hayo ni mamoja. Niliifuta, nikasoma mwenyewe kwa sauti iliyokwaruza.

Gharama nazo nizitaje kwa ufupi. Zana ya dola 20 kwa mwezi ilinigharimu karibu shilingi 3,200 Januari 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, na takriban 2,600 baadaye mwaka huohuo iliposhuka hadi karibu 129. Mapato yangu ni ya shilingi na hayakupanda wala kushuka pamoja nayo. Pamoja na hayo, bado ni nafuu kuliko mshahara wa mtu hata mmoja, na sitajifanya kwamba si hivyo.

Swali langu kwenu, hasa mnaofanya kazi peke yenu: nani huisikiliza, kuisoma au kuitazama kazi yenu kabla haijatoka? Kama hayupo, mmewezaje?

Mtengenezaji wa video, Roysambu

Dada, pole kwa yaliyokukuta, na asante kwa kuyasema. Mimi pia niko peke yangu, natengeneza video za kuelezea sayansi kwa wanafunzi. Nadhani uliitumia zana bila kuielekeza. Programu nyingi za unukuzi hukuruhusu kuipa orodha ya majina kabla haijaanza: Kariokor, Ziwani, Pumwani, Muthurwa na mengineyo. Ukifanya hivyo, makosa ya majina hupungua sana. Kisha, baada ya kuandika, mimi huipa zana nyingine kazi ya mhariri mkali na kuiambia itafute makosa. Kwa nini hilo lisiwe sikio lako la pili?

Sauti yangu bandia naitumia bila aibu, na YouTube tangu Machi 2024 inataka tutangaze maudhui yanayofanana na ya kweli yaliyotengenezwa au kubadilishwa kwa njia hizo. Mimi hutangaza hata pale sheria hiyo isiponigusa.

Mwanzilishi wa uzi

Kaka, kuhusu orodha ya majina uko sahihi kabisa, na sasa naiandika kabla ya kila mahojiano. Nilipaswa kulijua hilo mapema.

Kuhusu mhariri wa mashine, nilifanya jaribio baada ya tukio lile. Niliuchukua muhtasari wenye kosa, nikaupeleka kwa zana nyingine, nikaiomba iwe kali. Ilinipa mambo sita: koma mbili, sentensi moja ndefu, neno lililorudiwa, pendekezo la kichwa kingine, na sifa kwamba mandhari ya Dar es Salaam yamechorwa vizuri. Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, soko la Kariakoo lipo, nalo liko Dar es Salaam kweli. Kila kitu kilikubaliana na kila kitu, isipokuwa na mzee mwenyewe, ambaye zana hiyo haikumsikia. Makosa yanayoniogopesha ni ya namna hii, yanayopendeza kuyasoma. Zana inakagua maandishi dhidi ya maandishi, ilhali mimi nahitaji mtu wa kuyakagua dhidi ya mahali.

Mchoraji wa katuni, Kayole

Nimesoma yote mawili. Niseme la upande wangu, na nalisema bila chuki. Mnapoeleza kwamba sasa mnafanya kazi peke yenu, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pili. Nilichora majalada ya podikasti na ya vitabu vya watu wanaojichapishia wenyewe, na katika miaka miwili maombi hayo yamepungua mpaka nikahamia kuchora kuta za shule za chekechea. Picha zilizotumiwa kuzifunza mashine hizo zilichorwa na watu, na wengi wao hawakuulizwa. Upweke wenu umejaa kazi za watu wengine.

Nilienda pia kusoma sheria, kwa sababu wateja walianza kuniletea picha za mashine ili "nizirekebishe kidogo" na kuniuliza ni za nani. Sheria yetu ya Hakimiliki, Sura ya 130, ambayo ni ya mwaka 2001, ilikwisha kuizungumzia kazi iliyozalishwa na kompyuta: mtunzi wake ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Ilitungwa kabla ya zana hizi, na mpango unaoishia kwenye kuandika sentensi moja sidhani ndio waliokuwa nao akilini. Marekani wamekwenda njia nyingine. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya huko iliamua kuhusu kitabu cha katuni kiitwacho Zarya of the Dawn kwamba maandishi na mpangilio wake vinalindwa, lakini picha zake zilizotoka Midjourney, zana ya akili unde ya kuchora, hazilindwi. Kwa hiyo anayeuza huku na kule ajue kwamba jalada lake huenda ni lake Nairobi na si la mtu yeyote akivuka bahari.

Nakubali jambo moja. Mwaka huu nimemaliza katuni ya kusogea ya dakika nne, yangu mwenyewe, kazi ambayo ingehitaji watu wengi wa kuchora picha za katikati. Nilichora picha kuu zote kwa mkono, programu ikajaza zilizobaki, nami nikazirekebisha moja baada ya nyingine, maana ilimpa mhusika wangu kidole cha sita kila alipoinua mkono. Kwa hiyo nimo pande zote mbili, na sioni haya kusema kwamba zinaniuma zote mbili.

Mchangiaji, Embakasi

Niongeze kwa aliyoyasema mchoraji. Niliwahi kufanya kazi ya kutia alama data hapa Nairobi, katika kampuni ya kandarasi ambayo sitaitaja. Kutwa nzima tulisoma maandishi na kuyapanga katika makundi. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa hapa jijini walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyatia alama, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Nilipoisoma ripoti hiyo nilijua ni maisha ya aina gani yanayoelezwa. Sisemi msizitumie zana hizi, hata mimi nazitumia kuandaa matangazo ya duka la dada yangu. Nasema tu kwamba inapotajwa "mashine imefanya", kuna watu wa jiji hilihili waliokesha ili ifanye.

Mwanzilishi wa uzi

Mchoraji, maneno yako yamenifika. Jalada la kipindi cha Kariokor lilitoka kwenye zana, na limeonyesha vyondo vyenye mishikio ya plastiki ambayo sijapata kuiona sokoni pale. Sikuliona hilo mpaka niliposoma ujumbe wako na kulitazama upya. Nawe wa Embakasi, asante. Nilikuwa nimeandika hapo juu "peke yangu" bila kufikiri.

Bado siwezi kumwajiri mchoraji kwa kila kipindi, na kuahidi hilo kungekuwa uongo. Ninaloweza ni kuziacha zana zifanye zile kazi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzifurahia, kama kusawazisha sauti na kupanga muda wa manukuu, kisha kile kidogo kinachobaki kiende kwa mtu, badala ya kununulia zana nyingine.

Mhariri mstaafu wa redio, Ngara

Binti yangu, nimefuatilia uzi huu tangu jana. Nilihariri vipindi vya redio kwa miaka mingi, na nataka kukueleza sikio la pili lilifanya nini hasa, kwa sababu naona vijana wengi hudhani kazi yake ilikuwa kusema kama kipindi ni kizuri. Hatukuuliza hilo kamwe. Aliyesikiliza aliketi na karatasi, hakuruhusiwa kusoma maandishi, akaandika dakika ambayo hakuelewa na dakika ambayo mawazo yake yalihama. Hakutakiwa kueleza sababu, wala hakutakiwa kupendekeza dawa. Baada ya hapo, majina yote, namba zote na tarehe zote zilisomwa kwa sauti na mtu mmoja, huku mwingine akizitafuta katika mkanda wenyewe. Si katika maandishi, katika mkanda.

Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyokuponyoka. Hata kama ungelinganisha muhtasari na unukuzi, vyote viwili vilikuwa vimeshakubaliana katika kosa.

Jambo jingine. Nimekisikiliza kipindi chako cha Kariokor, kile kilichosahihishwa, nikiwa na karatasi. Ni kazi ya moyo, na nyundo zile umefanya vyema kuziacha. Lakini katika dakika ya 23 mzee anasema "tulikuwa tukivuka ng'ambo kila asubuhi", nawe katika maelezo yako unaendelea kana kwamba ni ng'ambo ya mto. Mimi ni mtu wa sehemu hizi, na sikuelewa walikuwa wakivuka nini. Nimeiandika dakika tu, sijui dawa yake.

Mwanzilishi wa uzi

Shikamoo, mzee wangu. Nilipousoma ujumbe wako niliifungua sauti ya asili, ile ambayo haijapitishwa kwenye programu yoyote, nikavaa vifaa vya masikioni na kwenda moja kwa moja hadi dakika hiyo. Nimeisikiliza mara nyingi kuanzia saa mbili usiku.

Mzee anasema: "Tulikuwa tukivuka ng'ambo ya reli kila asubuhi." Maneno "ya reli" yameangukiwa na pigo la nyundo, na programu ya kusafisha sauti ilipoliondoa pigo iliondoka nayo, kisha ikaziba pengo vizuri kiasi kwamba hakuna mruko unaosikika. Unukuzi uliandikwa kutoka kwenye sauti iliyosafishwa. Mto niliutia mimi, kwa sababu niliujua mto na sikuwa na sababu ya kushuku. Walikuwa wakivuka reli kwenda kutafuta vibarua viwandani, na hilo linaibadilisha robo saa nzima inayofuata, ambayo niliiandika kana kwamba watoto wale walikuwa wakienda kuteka maji.

Usiku huu nimekirudisha kipande kile pamoja na pigo lake la nyundo, nami nitaisoma upya sehemu ya maelezo kesho asubuhi kabla majirani hawajafungua redio. Mzee wangu, kipindi kijacho ni cha Makongeni, kina dakika 38, na kitakuwa tayari Jumatano. Nimetenga shilingi 1,500 kwa kila kipindi, fedha za ile zana ya muhtasari ambayo nimeiacha mwezi huu pamoja na kidogo nilichoongeza. Kama utakubali kukisikiliza kwa karatasi yako, niambie nikutumie kwa njia gani.

Mhariri mstaafu wa redio, Ngara

Nitumie Jumatano baada ya saa kumi, pamoja na sauti ya asili, ile ambayo haijasafishwa.